Vuta Sauti, Usiikate

Fundi cherehani hakutulia siku hiyo. Alikaa, akainuka. Akaenda mlangoni, akarudi. Pasi ilikuwa inafuka moshi juu ya suruali ya mtu, naye hana habari.

Kesho yake mwalimu mkuu angewasikiliza watoto wa chekechea wakisoma. Anayeweza kusoma maneno mafupi anaingia darasa la kwanza. Asiyeweza anarudia mwaka. Na binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kupenda kuongea, akionyeshwa neno tu anashindwa kulisoma.

"Haya, mwanangu. Tena!"

Fundi alikuwa ameandika herufi kwa chaki kwenye vipande vya kitambaa, kila kipande herufi moja, akavibandika ukutani vikiwa vimeachana. Alivigonga kwa rula, kimoja kimoja.

"Ma!" alisema Chiriku. Rula ikagonga. "A!" Rula. "Ma!" Rula. "A!"

"Safi! Sasa hilo ni neno gani?"

Chiriku akatazama dari. "Mkasi?"

"Mkasi umetoka wapi tena?"

"Basi... maamaa? Mbuzi, baba?"

Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake akaangua kicheko. Alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ya mtaa wa pili.

"Fundi, okoa suruali ya watu kwanza!"

Fundi akairukia pasi. "Mwalimu, nimechanganyikiwa. Herufi zote anazijua, hata ukimwamsha usingizini. Kesho si ataachwa nyuma na wenzake?"

Chiriku aliposikia hivyo akaingia chini ya meza, akaanza kulia.

"Mtoto hana kosa, fundi. Wewe ukishona pindo, unakata uzi kila baada ya tundu moja?"

"Thubutu! Nguo si itafumuka?"

"Basi na neno linamfumukia hivyohivyo. Unamkata kila herufi. Tena hii m unaiita 'ma'. Hizo ni sauti mbili." Mwalimu akainama chini ya meza. "Chiriku, mwanangu, funga midomo. Vuma kama nyuki."

"Mmmm," alivuma Chiriku, kamasi zikimtoka.

"Sasa usikate pumzi. Ukiwa bado unavuma, fungua mdomo uingie kwenye a."

"Mmmmaaa."

"Haraka kidogo."

"Ma!"

Mwalimu akabandua vipande vinne, akavipanga mezani vikigusana. Akapitisha kidole chini yake polepole, bila kusimama. Chiriku akatoka, akakifuata kwa sauti.

"Mmmaaammmaaa." Macho yakamtoka. "Mama! Baba, ni mama!"

Fundi akapiga meza kofi la furaha, chaki zikamwagika.

"Anza na sauti zinazovutika," mwalimu alimwambia. "M, n, s, l, f. Sauti ya k au t haivutiki. Itamke kwa ufupi, iunge papo hapo na irabu: ka, ti. Dakika kumi zinatosha, kisha mwache acheze. Na usimtajie neno. Msubiri."

"Kusubiri? Mimi?"

"Bana uzi kwa meno ukishindwa."

Jioni hiyo wakaunga *sisi*, wakaunga *lala*, wakaunga *mali*. Fundi alibana uzi kwa meno mpaka ukalowa.

Asubuhi alisimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mara mguu huu, mara mguu ule. Mwalimu mkuu akainua kadi. Chiriku akaitazama. Neno hilo hakuwahi kuliona. Ulimi ukamwasha fundi. Akafungua mdomo, akaufunga, akajishika shavu kama mwenye jino bovu.

"Sssooo," alianza Chiriku. Kidole kikatambaa. "Sssooofffaaa." Akarudia haraka. "Sofa!"

"Vizuri sana! Nyumbani mnalo?"

"Hatuna," alisema Chiriku. "Baba mwenyewe hakai."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika jina la Chiriku kwenye orodha ya darasa la kwanza. Fundi aliposhuka ngazi alitaka kukimbia, lakini mtoto alimvuta mkono. Kulikuwa na bango getini, nalo lilikuwa na maneno mengi. Ilibidi amsubiri mpaka alimalize lote.