Ndagala Waliogeuzwa

Kabla ya maiti, Diane aliona alama za wavu wa kichanja.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba mwaka 2011, saa moja asubuhi, na Stockholm bado ilikuwa giza totoro. Profesa Gunvor Ståhle alimfungulia mlango wa jengo la chuo kikuu lililo ukingoni mwa maji, kisha akapanda ofisini kuwasha mashine ya kahawa. Diane akaingia peke yake kwenye ukumbi wa kukaushia, akawasha taa, akatazama kichanja cha kwanza. Samaki aliowapanga jana mchana walikuwa na alama za wavu ubavuni, upande wa juu. Mtu alikuwa amewageuza mmoja mmoja, kichanja baada ya kichanja. Ni ukanda mwembamba tu ukingoni mwa kila kichanja, upana wa kiganja, ambao haukuguswa.

Moyo wake ukapiga pigo moja zito, kama mlango uliofungwa na upepo.

Samaki wenyewe walikuwa wadogo, wa Bahari ya Baltiki. Waswidi huwaita skarpsill, na wengi wao husagwa kuwa chakula cha mifugo. Chuo kilikuwa na wazo jingine: wakaushwe, waliwe na watu, ili samaki wachache walete faida kubwa na bahari ipate kupumua. Mwenye wazo alikuwa Félix, mtafiti kijana kutoka Burundi. Ndiye aliyewatafuta kina mama sita wa vitongoji vya Fittja na Husby waliokulia kandokando ya Ziwa Tanganyika. Walipowaona samaki hao mara ya kwanza, kina mama walicheka. "Hawa ni ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, waliopotea njia!" Lakini kazi ya hapa ilikuwa tofauti na ya kwao. Mashine ilipuliza hewa juu na chini, na amri ya Gunvor ilikuwa moja: ukishapanga, usiguse tena.

Diane akainua macho. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na friza kubwa kama chumba. Katika mpini wa mlango wake mtu alikuwa amepitisha ufito wa chuma, ule unaoshikilia vichanja.

Hakupiga kelele. Hakuwahi kuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama pale pale, mikono kifuani, mpaka Gunvor aliposhuka na kikombe chake, akauona ufito, akauchomoa.

Félix alikuwa ameketi nyuma ya mlango, amevaa shati tu, bila koti. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Kengele ya ndani ya friza ilikuwa mbovu tangu Septemba, na kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo.

*

Mpelelezi aliitwa Magdalene Nordin. Baba yake alikuwa Mswidi, mama yake Mhaya wa Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama huyo: cha upole, kisicho na haraka. Alifanya mahojiano katika jiko dogo la wafanyakazi, mezani kukiwa na sahani ya mikate ya mdalasini ambayo hakuna aliyeigusa.

"Félix alikufa jana jioni," alimwambia Gunvor. "Nani anaweza kuingia humu?"

"Kadi za mlango ziko tatu. Yangu, ya Félix, na ya Papy anayetuletea samaki kutoka bandarini. Kina mama hupiga kengele, wakafunguliwa. Kadi ya mwisho kusomwa ni ya Papy, saa tisa mchana."

"Na samaki waliosogezwa?"

"Labda mtu alikuwa akitafuta kitu chini yao. Sijui kingine."

"Félix alikuwa na habari gani wiki hii?"

Gunvor alivua miwani. "Vipimo. Shehena ya mwezi uliopita, kutoka ghuba moja tu, ilikuwa na sumu ya viwandani inayokaa kwenye mafuta ya samaki. Tungeitupa na kuvua kwingine. Mradi usingekufa, Magdalene. Lakini Félix aligundua kwamba baadhi ya shehena hiyo ilikuwa imeshatoka humu kimyakimya, na alihisi watu wameila."

Papy aliletwa akiwa amekunja kofia mikononi. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mpana wa mabega, na maombi yake ya kibali cha kuishi yalikuwa bado hayajajibiwa.

"Mligombana na Félix," Magdalene akasema.

"Tuligombana, madame. Ijumaa asubuhi. Aliniambia ni miye naiba samaki. Nikamwambia, kaka, usinichafulie jina, uliza kanisani ni nani anagawa. Bibi yangu Josiane iko na mimba ya miezi saba, na yeye alipewa pale pale kanisani. Saa tisa nikaleta samaki, Félix akapokea, akasaini, nikaenda. Nilimwacha mzima."

"Mbona uligeuza samaki?"

Papy alimkodolea macho, kisha, licha ya hofu yake, akatoa kicheko kifupi. "Miye? Kwetu mwanaume anavua, mwanamke anaanika. Josiane akisikia nimegeuza ndagala pa kichanja ataniuliza kama nimeanza kuvaa kitenge!"

Magdalene hakucheka, lakini aliacha kuandika kwa muda.

Hata hivyo, jioni ile Papy aliwekwa mahabusu. Kadi ilikuwa yake, ugomvi ulikuwa wake, na mwendesha mashtaka hakutaka kusikia habari za kitenge.

Wa mwisho kuhojiwa walikuwa Mama Concessa na Diane, wawili kati ya wale sita, shangazi na mpwa walioishi pamoja Fittja. Concessa aliongoza kwaya ya kina mama, na kanisa zima lilimwita Mama Ndagala. Alikaa wima, mkoba mapajani.

"Félix alipiga simu ya nyumbani kwenu Ijumaa, saa nane mchana," Magdalene akasema.

"Kuniuliza habari za zamu, mwanangu. Nikamjibu, nikarudi jikoni. Sikutoka siku nzima. Diane aliporudi kutoka shule ya Kiswidi alinikuta napika." Akamgeukia mpwa wake. "Si ndivyo?"

Diane aliinamisha kichwa. Aliyetaka kuona kukubali, aliona kukubali.

"Na wewe, binti?" Magdalene akauliza taratibu. "Wewe ndiye uliyeingia wa kwanza. Uliona nini?"

"Huyu haongei," Concessa akajibu. "Aliacha shule darasa la nne. Aibu imemla tangu utoto, tangu kaka yake Bethuel afe kwa homa tukikimbia vita."

*

Fittja, ghorofa ya tano. Concessa alifunga mlango kwa ndani, kama kila siku. Kisha akauchomoa ufunguo, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akautia kifuani.

Diane alikuwa akimenya vitunguu. Alikumbuka Ijumaa saa kumi na mbili jioni: alifungua mlango huu huu akakuta nyumba haina taa, jiko limepoa, sufuria tupu. Shangazi aliingia baadaye, koti limelowa, mikono ikinuka samaki ilhali zamu yao ilikuwa imekwisha mchana.

"Umefanya vizuri leo," Concessa akasema nyuma yake, karibu mno. "Wale ndagala. Ulipoingia, uliwaangalia?"

"Hapana, Shangazi."

"Hukuona kama kuna aliyewagusa?"

"Taa... taa zilikuwa bado."

Concessa akachukua kisu mkononi mwa Diane, pole pole, akaanza kumenya yeye. "Ni vizuri," akasema. "Maana ukitazama sana, mtu anaweza kusema ni wewe. Katika Stockholm nzima, ni mikono ya nani inafanana na yangu?"

Usiku ule Diane alilala na nguo zake, mgongo ukiwa ukutani. Kila shangazi alipokohoa chumba cha pili, yeye aliutazama mlango.

Jumapili kanisani Félix aliombewa. Josiane, mke wa Papy, alikaa kiti cha nyuma, tumbo mbele, uso umevimba. Ibada ilipokwisha, Concessa alimkumbatia, akamwambia Mungu yupo. Josiane akalia begani pake. "Kesho mchana mahakama itaamua, Mama. Wakimbakiza ndani, kibali hakuna. Nitazalia wapi huyu mtoto?"

Diane aliutazama mkono wa shangazi yake ukimpapasa yule mama mjamzito mgongoni.

*

Jumatatu saa nne asubuhi Magdalene aliwaita kina mama wote ukumbini. Juu ya meza alikuwa ameweka vichanja sita vya samaki wabichi kidogo. Gunvor alisimama mlangoni na polisi mmoja.

"Papy aliniambia kugeuza ndagala ni kazi ya wanawake," Magdalene akasema. "Nimemwamini. Anayetafuta kitu hutupa samaki huku na huko. Hawa waligeuzwa vizuri, na mtu aliyezoea. Kwa hiyo nawaombeni, kila mmoja anigeuzie kichanja kimoja, kama alivyofundishwa kwao."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Haya sasa, tumekuja kufanyishwa mtihani wa ndagala." Mmoja baada ya mwingine wakageuza, wa Husby kwa vidole viwili, mwingine kwa kijiti. Wote walimaliza kichanja chote.

Concessa akafuata. Alitumia mgongo wa mkono, kwa wepesi uliopendeza kutazama. Alipofika ukingoni mkono wake ukasita. Kisha ukaendelea, ukageuza mpaka samaki wa mwisho.

Akabaki Diane.

Alisogea mezani. Angeweza kugeuza wote. Hakuna ambaye angejua. Angerudi Fittja, angekula chakula cha shangazi, na Josiane angezalia popote. Akaanza kona ya mbali, kwa mgongo wa mkono, safu kwa safu. Alipofika ukingoni, kwenye ukanda wa upana wa kiganja, akaacha. Akarudisha mikono yake nyuma.

Magdalene akatoa picha ya vichanja vya Jumamosi, akaiweka kando ya kichanja. Vilikuwa sawasawa.

"Ni yeye!" Concessa akafoka. "Mnaona wenyewe! Ni yeye aliyemuua!"

Diane alifumba macho. Alikuwa amejua kwamba neno hilo lingekuja, lakini kulijua hakukulipunguzia ubaridi.

"Kwa nini umebakiza hawa?" Magdalene akamuuliza.

Sauti yake ilitoka kama uzi. "Fungu la ndege. Ukiwabakizia upande mmoja, hawagusi waliogeuzwa."

"Humu ndani hamna ndege."

"Mkono haujui."

"Na nani alikufundisha?"

Diane aligeuza uso wake tu, na kila mtu akaona ulikogeukia.

"Ijumaa Diane alikuwa darasani Skärholmen mpaka saa kumi na moja," Magdalene akasema. "Mwalimu wake amethibitisha, na daktari anasema Félix alikuwa ameshafungiwa kabla ya saa hiyo. Félix alipokea samaki kwa Papy saa tisa, na baada ya hapo kadi haikusomwa tena. Kwa hiyo aliyeingia alipiga kengele, na Félix akamfungulia. Mama Concessa, mbona leo umewanyima ndege fungu lao?"

Mwanamke yule mzee alitafuta kiti, akakikosa, akaegemea meza.

"Angesimama kanisani," akasema hatimaye. "Jumapili, mbele ya watu wote. Aseme samaki niliowapa wajawazito, mimi Mama Ndagala, wana sumu. Nilikuja kumsihi. Akaniambia, 'Mama, lazima wajue ili waende hospitali.' Akaingia friza kunionyesha wale waliobaki. Nikasukuma mlango, nikapitisha ufito. Nilitaka aogope kidogo tu, anyamaze. Akawa anagonga. Nikawageuza ndagala ili nisisikie anavyogonga."

Mmoja wa kina mama akaanza kulia.

"Alipoacha kugonga niliogopa kufungua. Nikaondoka. Lakini nilikusudia kurudi, Mungu ni shahidi wangu, nilikusudia kurudi." Polisi alikuwa ameshamshika mkono. Concessa akamtazama Diane, macho makavu. "Na wewe! Mimi niliyekubeba mgongoni kutoka Rumonge mpaka Kigoma, vita nyuma yetu! Ulikuwa umelala, hukujua hata tulikopita. Hivi ndivyo unavyonilipa?"

Diane alimsogelea mpaka wakawa hatua moja.

"Sikuwa nimelala, Shangazi," akasema, na safari hii ukumbi wote ulimsikia. "Kaka yangu Bethuel hakufa kwa homa. Mguu ulimvimba, wewe ukamkalisha chini ya michikichi, ukamwambia asilie, utarudi. Nilikuwa macho. Nilimwona akitupungia mkono."