Mama Akataa Kuweka Sahihi

Kila jioni nikitoka shule nasugua nguo za Mama za kazini. Zinanuka, jamani, acheni tu! Mama anafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge nje ya mji wa Korogwe. Yeye hulisha majani kwenye korona, ile mashine inayoyasaga mpaka zibaki nyuzi.

Jumatano moja alirudi na karatasi. "Grasiana mwanangu, hebu nisomee. Mnyapara Hiza anataka wote tuweke sahihi."

Nikasoma: "Dominiko alijikata kwa panga nyumbani kwake."

Uongo mtupu! Mzee Dominiko, jirani yetu, alikatwa vidole viwili na korona juzi yake. Wafanyakazi walikuwa wameondoa kinga ya chuma ili majani yapite haraka, wamalize kazi mapema, wawahi mashamba yao ya mahindi. Hiza aliona, akanyamaza. Sasa alitaka kuificha ajali.

"Nikikataa, kesho sina kazi," Mama alisema.

Naona haya kusimulia, lakini niliogopa. "Basi weka tu, Mama. Tutakula nini?"

"Na Dominiko atalipiwa matibabu na nani?" Mama aliuliza. "Mkewe nitamtazamaje?"

Nikamrudishia karatasi yake.

Asubuhi Mama aliirudisha karatasi bila sahihi. Hiza akafoka, "Nenda zako! Usirudi tena!" Mama akapanda bodaboda moja kwa moja hadi ofisi ya kazi mjini. Alieleza yote, hata kwamba yeye mwenyewe alisaidia kuondoa ile kinga.

Jumamosi mkaguzi wa usalama kazini, Bi Rukaya, alifika kiwandani. Mama naye aliitwa, nikamfuata.

"Ajali ikitokea kazini, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa," Bi Rukaya alimwambia meneja. "Mbona hamkutoa?"

Meneja akamgeukia Hiza. Hiza akababaika.

"Tena ni kosa kumfukuza mtu kwa sababu amesema kweli," Bi Rukaya aliendelea. " Mama huyu anarudi kazini leo."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa! Korona ilizimwa mpaka kinga ikafungwa. Hiza aliondolewa unyapara, na Mzee Dominiko akaanza kutibiwa kwa gharama ya kiwanda.

Nilimwamkia Bi Rukaya, nikamshukuru. Akatikisa kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Sheria inamlinda anayesema kweli," alisema. "Lakini sheria haikujua lolote mpaka mama yako alipofungua mdomo. Mshukuru yeye."

Nikageuka, nikamkumbatia Mama mbele ya kiwanda kizima.