Nilipiga Yowe Ndani ya Gari la Kaka Yangu

Nina miaka thelathini na nne, ni mjane, na hapa Bariadi watu wananisifu kwa jambo ambalo wanalijua nusu. Nusu ya pili naitoa leo. Mkitaka kunilaani mnilaani, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Kazi yangu ni redio za magari. Sizungumzii zile za kaseti. Nazungumzia hizi za skrini, zinazoshika simu yako, zinaonyesha ramani na kukupokelea simu ukiwa kwenye usukani. Nilisomea kompyuta Mwanza, nikarudi nyumbani na kufungua kibanda changu.

Kuzifunga wanajua wengi. Mimi nilikuwa na la ziada: nilizipima usalama. Mwenye gari akiniletea, najaribu kuingia kwenye redio yake kama mwizi angeingia. Naanza na neno la siri la kiwandani, ambalo watu hawalibadilishi hata siku moja, kisha napita kwenye Wi-Fi, natazama kama naweza kutoa majina yaliyomo kwenye simu yake, safari zake, hata kusikiliza maongezi kupitia ile maiki ya kupokelea simu. Nikifanikiwa namwonyesha, kisha naziba. Wanaume wazima walitokwa jasho nikiwasomea mahali gari lilipolala juzi! Nilikuwa na maringo sana siku hizo, sitawaficha.

Gari la kujifunzia lilikuwa la kaka yangu Masunga. Yeye hununua choroko na dengu vijijini kwa pikapu yake. Juu ya paa alifunga spika ya tarumbeta iliyounganishwa na redio, ili akipita atangaze bei na mama zetu watoe magunia nje. Kila jambo jipya nililijaribu kwenye redio hiyo kwanza. Niliiwekea laini ya simu na programu yangu, nikawa nakaa kibandani naona gari liko wapi, nasikia yanayosemwa ndani, na nikitaka naongea, sauti yangu inatokea kwenye spika.

Magari ya wateja niliyafutia programu zangu kabla ya kurudisha ufunguo. La kaka? Kila siku nilisema nitalimalizia kesho. Mnajua kazi ya ndugu ilivyo... Shati la ndugu ndilo linalokaa kwa fundi mpaka sikukuu inapita. Mlango ule wa kuingilia redio yake niliuacha wazi miezi saba.

Sasa niwaeleze kuhusu mume wangu, Jilala. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Siku aliyoning'oa jino, Masunga alikuja akanichukua mimi na binti yangu Minza, akatupeleka kwa wazazi Mwamanyili. Kikaitwa kikao. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakamtoza Jilala ng'ombe, na juu ya hapo wakamwamuru aniombe radhi mbele ya wanaume wenzake, mimi nimekaa kwenye kiti, yeye amesimama juani. Aliomba. Lakini wakati wote huo hakunitazama mimi, alimtazama kaka yangu.

Nilirudi kwake baada ya miezi miwili. Alikuwa mpole kupita kiasi, ananiletea maji ya kuoga, ananisifia kazi. Mimi nami, mjinga mwenye cheti, nikalewa sifa! Jumapili moja mchana nikamwonyesha pikapu ya Masunga ikitembea kwenye ramani huko Kimali, tukacheka. Akauliza kama mtu anaweza pia kusikia. Nikamsikilizisha. Akauliza neno la siri. Nikamwambia ni jina la Minza. Mume wangu, ningemficha nini?

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa kuvuna pamba, saa nane mchana. Nilifungua redio ya Masunga kujaribu kitu kipya. Nikaona kuna mwingine ameshaingia kwa neno langu la siri. Simu iliyounganishwa ilikuwa ya Jilala, na asubuhi aliniaga kwamba anafuata mzigo Mwanza. Ramani ilionyesha pikapu imesimama Shishiyu, kwenye njia ndogo katikati ya mashamba.

Nikapandisha sauti.

Nilimsikia kaka akisema, taratibu, kama mtu aliyekutana na jamaa yake, "Shemeji, kumbe ni wewe? Kuna nini huku?"

Kisha kioo kikapasuka. Nikasikia panga likigonga bati la mlango, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu halikugonga bati. Kaka yangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Walikuwa watatu, kwa jinsi nilivyosikia. Walimvuta nje, wakamburuta, wakawa wanampiga mateke huku anajikinga. Na Jilala akasema, "Leo omba radhi wewe."

Ningefanya nini? Polisi wangefika lini kwenye njia ile? Kutoka Bariadi mpaka pale ni mwendo, na panga halisubiri mtu...

Nikashika maiki. Nikafungua spika ya paa mpaka mwisho, nikapiga yowe.

Msio wa huku niwaeleze. Kwetu Usukumani yowe likipigwa, kila mwanaume anayelisikia anaacha alichoshika na kukimbilia linakotoka, kisha analipokea na kulipeleka mbele. Asiyetoka anatozwa faini. Nilipiga lile la mama zetu, la ng'ombe wameibwa, la mtu anauawa. Nikasema kwa Kisukuma kwamba ndugu yangu anachinjwa kwenye pikapu ya choroko, tokeni. Wateja waliokuwa kibandani walinikimbia, walidhani nimepagawa.

Huko Shishiyu mashamba yalikuwa yamejaa watu wanaochuma pamba. Nikaanza kusikia yowe likijibiwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Wale wenzake wawili wakakimbia. Jilala hakukimbia. Nadhani alikuwa amesimama anaitazama ile spika, kwa sababu alisema kwa sauti ndogo, "Mama Minza?"

Watu wakafika.

Nilisikia fimbo, nilisikia mipini ya majembe. Mtu akauliza nani kamkata mwenzake, na kaka akasema, "Huyo," kisha sikumsikia tena. Nikasikia mifupa. Jamani, mifupa inasikika! Jilala alikuwa akilia na kujivuta kuelekea kwenye gari, sauti yake ikazidi kuja karibu na maiki, na katikati ya vipigo akasema, "Mama Minza, waambie waniache. Najua unasikia. Waambie wanipeleke polisi."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Watu wale walikuja kwa sauti yangu, na kwa sauti yangu wangesimama. Neno moja tu lingetosha, lekagi, yaani mwacheni. Nililikumbuka jino langu. Nilikumbuka maji ya kuoga. Nikamkumbuka kaka.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka naye akanyamaza. Kisha nikafuta kila kilichorekodiwa, nikafunga kibanda, nikaenda hospitali kumsubiri Masunga.

Kaka yuko hai. Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko, na sikio moja halisikii. Watu wanasema nilimwokoa. Yeye aliniuliza swali moja tu alipopata nguvu: kama nilijua ule mlango uko wazi. Nikasema nilijua. Akageukia ukutani, na mpaka leo anaongea nami mambo ya choroko tu.

Polisi waliponihoji nilisema baada ya yowe mtandao ulikatika. Walioua walisema marehemu hakutamka neno. Kwenye msiba mama yake alinishika mikono, akaniita mayu, yaani mama, akaniuliza, "Mwanangu hakusema kitu?" Nikamjibu kwamba hakusema.

Wasomaji wenzangu, redio ya gari lako ina masikio na ina kumbukumbu. Badilisheni neno la siri, futeni simu zenu kabla ya kuuza gari, na msimwachie fundi mlango eti kwa kuwa ni ndugu. Fundi mwenzangu, gari la ndugu lifunge kwanza. Hayo ni ya kazi. La moyoni ni hili: ukiwa na uwezo wa kuzuia kifo cha mtu, hata mtu aliyekuumiza, sema. Usimhesabie makosa yake wakati anapigwa. Nilidhani ukimya ule ungenipa amani, na sijalala usingizi wa kushiba tangu siku ile.

Majina sikuyabadilisha, kwa makusudi. Mama mkwe anaishi kwangu, mimi ndiye namlisha. Hajui kusoma. Kila Jumamosi baada ya chai, Minza humsomea bibi yake ukurasa huu wa gazeti, tangu juu mpaka mwisho, bila kuruka hata mstari. Na Jumamosi hii pia nitamwacha asome.