Ukungu Katika Jicho la Aydin

Itangazwe katika jiji zima la Urmia, kuanzia ziwa linalokauka hadi mitaa ya juu: jicho la kushoto la Aydin, nahodha wa mpira wa wavu wa darasa la saba, limepona kabisa! Tangazo hili lilitolewa na Aydin mwenyewe wakati wa kifungua kinywa, huku akipaka jamu kwenye kitambaa cha meza.

"Mkate uko huku, mheshimiwa," dada yake Sevil alimwambia.

"Nilikuwa napima umbali tu."

Mama hakucheka. Majira ya baridi yaliyopita Aydin alitibiwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kilichokuwa kikichongoka kama ncha ya yai. Madaktari walikikwangua juu, wakakidondoshea dawa ya njano, wakakimulika kwa mwanga wa zambarau ili kikaze. Leo daktari angesema kama kimekaza, na kama Aydin ataruhusiwa kucheza fainali siku ya Alhamisi. Tatizo ni kwamba jicho lilikuwa limejaa ukungu, na Aydin aliapa hatausema. Akiusema, si watamkwangua tena?

Ubao wa kupimia macho pale hospitalini ulijaa herufi moja tu, E, iliyogeuzwa kila upande. Mgonjwa huonyesha kwa kidole miguu ya kila herufi inaelekea wapi. Mzee aliyemtangulia Aydin alionyesha: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Aydin, akichungulia mlangoni kwa jicho lake zima, alikariri yote.

Zamu yake ilipofika, aliingia na Mama na Sevil, akafunikwa jicho la kulia. Kidole kikaruka kama cha askari wa barabarani: juu, kulia, chini, chini, kushoto!

"Safi sana," alisema Daktari Golnaz. "Magari umeyaongoza vizuri. Ila yule mzee alipotoka, ubao niliupindua, miguu juu kichwa chini."

Sevil alicheka hadi akashika ukuta.

"Naona ukungu, Daktari," Aydin alinong'ona. "Tafadhali usinikwangue."

"Nani akukwangue? Ukungu huo tuliutarajia! Konea ikikaza huingia ukungu kwanza, kisha husafika polepole. Njoo uone."

Kwenye kompyuta kulikuwa na ramani mbili za jicho lake. Ile ya zamani ilikuwa na doa jekundu kama nyanya, pale konea ilipochongoka. Katika mpya, doa lilikuwa limefifia na kuwa la njano.

"Kuchongoka kumesimama. Tena kumepungua kidogo!"

"Imekaza! Mama, imekaza!" Aydin aliruka, nusura aangushe taa. Mama alimkumbatia, akimbusu utosini bila kujali kwamba nahodha habusiwi hadharani.

"Alhamisi utacheza, na miwani ya kinga," Daktari Golnaz alisema. "Lakini sikiliza, bwana mdogo. Ningekiamini kidole chako, ningekuachisha matone yanayopunguza ukungu huo, nao huenda ungebaki. Daktari akidanganywa, anayeumia ni mgonjwa. Sasa niambie kweli: upepo wa chumvi ukivuma kutoka ziwani, unafikicha macho? Kufikicha ndiko kunakoharibu konea."

"Mimi? Kamwe! Thubutu! Hata siku moja..."

Wote watatu walikuwa wakiutazama mkono wake wa kushoto ambao, kwa furaha yote ile, ulikuwa umeshafika jichoni na kuanza kazi.

Aydin aliushusha taratibu.

"Nafikicha," alisema. "Kila siku, Daktari. Huwa najifungia chooni, Mama asinione."