Senti Kumi Iliyosuguliwa

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Akiror alisugua vyombo kwa majivu na mchanga nyuma ya nyumba ya bibi yake, kijijini karibu na Malaba. Sufuria zake ziling'aa hadi majirani wakamtania, "Wewe, utazitoboa!" Akiror alicheka tu. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Lakini hakucheka alipopita karibu na kaburi la mama yake, kando ya migomba. Mvua za mwaka huo zilikuwa kali. Udongo ulikuwa umedidimia, na mbuzi walilala pale kama kwao. Bibi Abbo alitamani sana kulijengea kwa saruji, lakini saruji ingetoka wapi?

Ndipo akaja Bwana Geoffrey, ajenti wa kupitisha mizigo mpakani, ambaye pia hukusanya fedha za zamani. Bibi alimtolea senti kumi ya enzi za wakoloni, yenye tundu katikati, nyeusi kwa uzee. Geoffrey aliitazama kwa lenzi, akashtuka.

"Mama, senti zenye mwaka huu ulioandikwa hapa ziko tele, lakini hii ni tofauti. Unaona herufi hizi ndogo? Ni alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Zenye alama hii ni chache mno, na wakusanyaji wanazigombania. Nitaleta pesa Jumamosi. Isiguswe."

"Itatosha saruji?"

"Itatosha, na mchanga pia."

Akiror aliporudi kutoka shule, Bibi alimwonyesha kitambaa kilichofungwa fundo. "Senti iliyo humu ndiyo saruji ya mama yako. Jumamosi inanunuliwa. Usiiguse." Hakusema kwa nini, na Akiror hakuuliza.

Ijumaa, Bibi akiwa kwenye mkutano wa kina mama kanisani, Akiror alifungua lile fundo. Lo! Nani atanunua kitu cheusi namna hii? Maskini mtoto, alidhani anasaidia. Alichukua majivu, kisha mchanga, kisha waya wa kusugulia sufuria. Akasugua hadi senti ikawaka kama mpya.

Kesho yake Geoffrey aliipokea, akaigeuza, akazitafuta zile herufi kwa lenzi. Hazikuonekana.

"Nani ameisafisha?"

"Mimi!" Akiror alisema kwa furaha. "Imependeza, sivyo?"

Geoffrey aliirudisha senti mkononi mwa Bibi.

"Mama," Geoffrey alisema taratibu, "wakusanyaji hawataki mng'aro. Wanataka sarafu ilivyotoka kwa wazee, na alama zake. Sasa hii ni chuma tu. Pole sana. Siwezi kuinunua."

Akaondoka na pesa zake.

Akiror alikimbilia kaburini, akalia hadi sauti ikakauka. "Mama, nimekuharibia! Nimekuharibia!" Bibi alimfuata, akaketi chini kando yake. Naye alikuwa analia.

"Bibi, nipige."

"Nikupige ili iwe nini? Nilikukataza bila kukwambia sababu. Kosa hilo ni langu. Lako ni kwamba hukuuliza. Mjukuu wangu, bidii ni nzuri, lakini bidii isiyouliza huharibu. Kuuliza si ujinga. Usisahau."

Wiki iliyofuata, kina mama wa kanisani, waliposikia yaliyompata Bibi, walikuja na mawe vichwani. Walijaza udongo, wakaushindilia, wakazungushia mawe, huku wakiimba. Halikuwa kaburi la saruji, wala halikuandikwa jina. Lakini lilikuwa limeinuka, na mbuzi hawakupata tena pa kulala.

Wageni walipokwenda zao, Akiror alibaki pale akiusawazisha udongo kwa kiganja.

"Bibi, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Sauti ya mama ilikuwaje?"

Miaka yote hiyo mtoto hakuwahi kuuliza, naye Bibi hakuthubutu kusimulia, akichelea kumtonesha kidonda.

"Ilikuwa nzito kidogo, kama yako," alisema, machozi yakimtiririka. "Sogea hapa. Uliza na mengine."