Kimya cha Upande wa Pili

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Mtafiti, gauni lake la kijani likikunjwa na viwiko vya wateja, alinyoosha mkono kuchukua waya wa kupitishia mwanga, uliobaki mmoja tu. Mkono mwingine ukauwahi.

"Samahani dada, nimetangulia."

Sauti hiyo! Alikuwa akiisikia kila siku kwenye simu ya kazini, kutoka maabara shirika, na hawakuwahi kuonana; kila mmoja alimwita mwenzake Upande wa Pili.

"Wewe ndiye Upande wa Pili?"

Bwana mmoja mrefu akauachia waya, meno yote nje. "Kumbe Upande wa Pili una macho mazuri hivi!"

Maabara zao zilikuwa kwenye pembe mbili za jiji. Kila moja ilitunza kumbukumbu, kipande cha fuwele kwenye baridi kali, na kila kumbukumbu ilirusha chembe za mwanga hadi kituo cha katikati. Kituo kikilia, fuwele mbili zisizowahi kugusana zimefungamana, hali ya moja ikiambatana na ya nyingine. Kikinyamaza, jaribio limeshindwa. Unafuta kumbukumbu, unarusha tena, hupotezi muda.

Mapenzi yakashika kasi. Simu ya kazini ikajaa "umekula, mpenzi?" Mchana mmoja, kwenye simu hiyo hiyo, bila utangulizi, mwanaume akauliza, "Tuoane?"

Mtafiti akaziba mdomo. Machozi yakamtoka kwa furaha, na koo likagoma kutoa hata neno.

"Sawa. Nimeelewa," alisema mwanaume, akakata simu.

Tangu siku hiyo alimwita "Daktari", basi. Mtafiti naye akavimba: mwanaume gani anauliza swali halafu anakimbia jibu? Hakupiga ila kwa kazi. Kisha akasikia kwamba Upande wa Pili amekubali kazi nchi nyingine, anaondoka Ijumaa. Kiburi chote kikamwisha, akakimbilia simu.

"Ndiyo, Daktari. Nikusaidie nini?"

"Achana na udaktari! Kwa nini ulinifuta?"

"Si ulinyamaza?"

"Nilikuwa nalia kwa furaha, wewe mwanaume! Kituo kikinyamaza ndipo jaribio limeshindwa. Mimi nina koo, linakabwa."

Mwanaume akashusha pumzi. "Nimezoea vibaya, mpenzi. Nikisikia kimya, nafuta."

"Unafuta, halafu unarusha tena! Mbona mimi hukunirushia tena?"

"Niliogopa."

Lilikuwa jibu la kweli, na hasira zikamtoka Mtafiti.

"Basi uliza."

"Tuoane?"

"Ndiyo! Na hiyo kazi ya mbali waambie hapana. Halafu njoo nyumbani umwambie shangazi yangu. Yeye, nakuhakikishia, hatanyamaza."