Aliyeitika Kabla ya Kuwashwa

Swichi ya kwanza ilisema mwenzake yuko tayari, na mwenzake huyo alikuwa hata hajachomekwa kwenye umeme.

Mama Nyaya aliusoma mstari ule kwenye kompyuta, akausoma tena, akazunguka nyuma ya kabati la pili kuhakikisha. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, umejikunja vilevile alivyouacha. Swichi ya pili ilikuwa imetulia mahali pake, baridi, haina hata taa moja. Akarudi mbele. Maandishi yalikuwa palepale: mwenzako yupo, tayari kushika nafasi. Mtu mwingine angeita watu. Yeye alisema mashine imechanganyikiwa, akachomeka umeme, taa zikawaka, na ule uongo ukawa kweli. Akaliacha hapo, maana kazi ilikuwa bado nyingi.

Alikuwa fundi wa mtandao wa hospitali, mama wa makamo, mjane. Jina la Nyaya alipewa na wauguzi kwa sababu hawakuwahi kumwona bila waya begani. Na kazi ya siku ile si ngumu kuieleza. Hospitali ilikuwa na swichi mbili kubwa, masanduku ya chuma ambayo nyaya zote za mtandao zinaishia humo: za maabara, za dawa, za rekodi za wagonjwa, hata za simu za mezani. Miaka yote kila sanduku lilikuwa na akili yake. Ukibadilisha kitu huku, ubadilishe na kule, na ukisahau, maabara inapotea hewani, na hapo utayasikia ya madaktari. Sasa masanduku mawili yalikuwa yanafanywa kitu kimoja, jina moja, mpangilio mmoja, mahali pamoja pa kuyasimamia. Moja linaongoza. La pili linasubiri, likijua kila kinachojulikana na la kwanza, na kiongozi akinyamaza, la pili linashika kazi palepale bila mtu yeyote kugundua. Huo ndio uzuri wake, na fundi yeyote atakusifia hapo.

Kazi za namna hiyo alizoea kuzifanya na mumewe. Ndivyo walivyojuana na ndivyo walivyozeeka, huyu kabati hili, yule kabati lile, mashine zinavuma hata hawasikiani. Basi wakawa na desturi yao. Kabla ya kugusa waya mmoja anauliza, "Upo?" na mwingine anaitika, "Nipo." Usipoitikiwa, hugusi. Tangu mumewe azikwe, Mama Nyaya hakuwa ameuliza tena, angemuuliza nani?

Lakini siku ile, mkono ukiwa kwenye kebo nene ya kuunganisha masanduku, mdomo ukamponyoka.

"Upo?"

"Nipo," ikajibu sauti kutoka nyuma ya kabati la pili.

Ingekuwa sauti ya marehemu, pengine angelia, pengine angekimbia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mwangwi, alijiambia. Sasa mwangwi gani unaulizwa ukajibu? Alijua fika kwamba haiwezekani. Ila mimi nawaambia ukweli ulivyo: alifurahi. Muda mrefu hakuna aliyemwitikia ndani ya chumba kile. Akaisukuma kebo mpaka ikalia kwa ndani, na hakwenda kuangalia nani kasema.

Ulibaki waya mmoja mwembamba. Huo kazi yake ni siku ya balaa. Kebo nene ikikatika, kila sanduku litadhani mwenzake amekufa, na yote mawili yataanza kuongoza kwa jina lilelile, vurugu isiyo na kichwa wala miguu. Waya mwembamba ndio unaoyawezesha kuulizana kama yako hai au la. Yakigundua kwamba yote yako hai, lililokuwa likiongoza tangu mwanzo ndilo linalojizima, kwa kuwa jipya limeshachukua kazi za watu. Mumewe alikuwa na utani wake juu ya hilo. "Kama kwetu tu," alikuwa akisema. "Nyumba ikiwa na wenyewe wawili, mzee anyamaze." Kuuweka waya huo ilikuwa kazi ya marehemu siku zote. Mama Nyaya aliutazama, akautia kwenye droo. Siku nyingine.

Jumatatu, Kamanda, mlinzi wa lango, alimtazama akiingia kama mtu anayeona kiini macho.

"Mama, si umeshapita?"

Alicheka, akamwambia miwani yake imechoka. Kamanda naye akacheka, lakini aliendelea kumsindikiza kwa macho mpaka kwenye ngazi. Siku hiyohiyo muuguzi mkuu alimshika mkono kwenye korido, akamshukuru kwa kukaa nao wakati wa chakula, kwamba walikuwa wamemkosa, kwamba walidhani huzuni imemmeza kabisa. Lakini Mama Nyaya hakuwa amekaa na mtu. Chakula chake alikuwa amekula peke yake katika chumba cha mitambo, mgongo ukiwa umeegemea kabati, kama alivyofanya tangu msiba.

Na hapa lazima niseme habari za bintiye, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa mauzauza ya kazini tu. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ameolewa mbali, ana mimba ya kwanza. Baada ya mazishi, kila walipoongea kwa simu walilia wote wawili, na mama akaanza kuikwepa simu. Atampigia kesho. Yuko kazini. Amechoka. Binti alimwandikia kwamba anaogopa kujifungua bila mama yake karibu, na Mama Nyaya aliusoma ujumbe ule, akaifunika simu kwenye meza, akajidanganya kwamba atajibu akipata maneno mazuri. Hakuwa na mtu mwingine duniani wa damu yake, na alimpenda kupita kiasi, ila kila akiishika simu aliisikia ile sauti ya kilio ndani yake, akairudisha mezani.

Wiki ile akapiga moyo konde, akampigia.

"Mama, tena?" binti alicheka. "Si tumeongea jana mpaka sikio likauma?"

"Jana?"

"Usinitanie bwana. Nimeshafungasha. Umesema nije nijifungulie kwako, ndiyo nakuja, Jumapili. Halafu, mama," sauti yake ikalainika, "nashukuru. Nilidhani nimekupoteza na wewe."

Mama Nyaya alisema sawa, mwanangu. Angesema nini? Kisha akakaa, na kiti alichokalia kilikuwa cha moto, kama mtu ametoka kunyanyuka. Nyumba nzima ilinukia vumbi lililopashwa na mpira wa waya, harufu ya chumba cha mitambo, harufu ambayo haijawahi kumfuata nyumbani miaka yote ya kazi. Taulo la bafuni lilikuwa bichi, na yeye hakuwa ameoga. Kitandani, upande wa marehemu, palikuwa pamebonyea. Aliweka kiganja pale, akakuta joto, na joto lile likamtia baridi mpaka kwenye kisogo.

Kilichomuuma zaidi si woga. Wivu ndio uliomuuma. Kulikuwa na mtu anayeongea na mwanawe kwa sauti yake, anamfariji kwa maneno ambayo yeye aliyatafuta akayakosa, na mtoto alikuwa anafurahi.

Alikwenda kwa shangazi wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali ambaye watu walimpelekea wagonjwa wa majini kutoka kila upande. Alimkuta anaangalia mchezo kwenye televisheni, na hakuizima, aliipunguza sauti tu. Alimwambia Mama Nyaya asogee, akamnusa nywele, akamnusa viganja, akamtazama machoni kwa muda hadi mchezo ukaisha.

"Huyu hajakupanda," alisema mwishowe. "Kakaa pembeni yako tu. Wao hawavunji mlango, mama. Wanakaa pale mwenyewe alipoondoka."

"Mimi sijaondoka popote, shangazi."

"Mwanao anasemaje?"

Shangazi akachukua simu kwenye meza, akamtilia mkononi. Alimwagiza ampigie sasa hivi, palepale mbele yake, amwambie yote, amwambie kwamba aliyekuwa akiongea naye si yeye, alie naye kama kulia kupo. Hakuna dawa nyingine, alisema, wala ubani, wala kombe la kunywa. Jini akikuta nafasi ina mwenyewe, anakwenda zake.

Mama Nyaya aliishika simu ile mpaka ikalowa jasho. Amwambie nini mtoto mwenye mimba? Kwamba furaha yako yote ya siku hizi imetoka kwa jini, na mimi mama yako sikuwa nimekumbuka hata kukuuliza hali? Akasema atapiga, akimaliza kwanza jambo fulani kazini. Shangazi hakubishana naye. Aliirudisha sauti ya televisheni, akasema tu, "Haya," kwa namna ambayo mimi ningeiogopa.

Maana Mama Nyaya alikuwa na dawa yake. Fundi ni fundi. Jambo hili liliingia siku ya kuunganisha, alijiambia, basi litatoka kwa kutenganisha. Ataweka ule waya mwembamba, halafu atachomoa kebo nene. Sanduku la kwanza litajizima, la pili litabeba kazi, hospitali haitagundua kitu, na kile kilichopita kwenye kebo kitakatika nayo. Alifanya hesabu zote za masanduku. Hesabu zake hazikuvuka kabati.

Jumapili asubuhi, binti yake akiwa njiani, alishuka kwenye chumba cha mitambo. Alifungua droo akautoa waya, akachomeka ncha moja huku na ncha nyingine kule, na kidude cha plastiki cha nchani kilikataa mara kadhaa kuingia. Kisha akashika kebo nene. Mashine zilikuwa zinavuma kama kawaida yake, baridi ya viyoyozi ilikuwa inamshuka shingoni, na ile harufu ya vumbi la moto ikazidi, ikamjaa puani na kooni, akahisi, bila kugeuka, kwamba nyuma ya kabati la pili kuna mtu amesimama kama yeye, ameshika ncha ya pili ya kebo ileile, anahema anapohema, ananyamaza anaponyamaza, na anasubiri, kama alivyosubiri tangu siku ile, kwa subira ya mtu anayejua kwamba zamu yake itafika.

"Upo?" iliuliza sauti yake kutoka kule.

Miaka yote ya kazi, akiulizwa hivyo, mdomo ulijibu wenyewe kabla hajafikiri.

"Nipo," alisema, akavuta.

Taa za sanduku la kwanza zikaanza kuzimika, tundu baada ya tundu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama ipasavyo. Za sanduku la pili hazikuyumba hata kidogo. Akayakumbuka maneno ya marehemu mumewe na ule utani wake, mzee anyamaze, na wakati huohuo alisikia mlango wa chumba ukifunguliwa na kufungwa, na hatua zake mwenyewe zikipanda ngazi bila haraka.

Alikimbia. Langoni alimwita Kamanda kwa jina, akamwita kwa ukali, akampungia mkono mbele ya uso, na Kamanda alipiga miayo akageuza kituo cha redio. Simu yake ilikuwa kiza kitupu, hata alipoibonyeza kwa vidole vyote. Barabarani watu hawakumgonga wala hawakumpisha, walipita tu pale alipokuwa, na kila aliyepita alijikunyata kidogo, kama mtu aliyefunguliwa friji usoni. Alikwenda kwa miguu njia nzima akiliita jina la mwanawe, akimwambia sasa yote aliyoyaficha, kwamba alimkimbia kwa sababu ana macho ya baba yake, kwamba anampenda, kwamba anaogopa, na maneno mazuri aliyoyatafuta muda wote ule sasa yalikuwa yanakuja yenyewe, mengi, tele, mepesi, na hakuna aliyeyapokea.

Alifika teksi ikiwa inasimama mbele ya nyumba. Binti alishuka kwa shida, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine umeshika begi. Alikuwa amenenepa mashavu. Mama Nyaya alisimama mbele yake kabisa, akautia mkono wake shavuni kwa mtoto, na binti akajikunyata, akafunga kanga yake vizuri mabegani, akapita.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na ndani kulinukia chai. Binti aliweka begi kizingitini, akavua viatu, akaita kwa ile sauti yake ya utotoni.

"Mama, upo?"

"Nipo," walisema wote wawili.

Binti akacheka, akaingia jikoni.